Migomba Sita ya Mama Sakina

Siku ile naikumbuka kwa majina ya waliokuwapo, mwanangu, na nitakutajia wote kabla sijasema neno jingine. Alikuwapo mdogo wangu Zaina, ambaye ndiye aliyekuwa amefika. Alikuwapo kitinda mimba wetu Ramazani, kijana asiyeweza kukaa robo saa bila mzaha. Alikuwapo shangazi Kalume, dada ya baba yetu, kwenye kibao chake, ungo wa mchele magotini. Alikuwapo jirani yetu Mama Sakina, mjane, ameshika kiuno. Alikuwapo Yuma, dereva wa pikipiki aliyemleta Zaina kutoka Kasongo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Na nilikuwapo mimi, Feza, mkubwa wa nyumba ile, nimesimama kwenye mlango wa jiko na mikono yenye udongo, maana nilitoka shambani mbio niliposikia pikipiki.

Zaina alishusha katoni aliyokuwa ameipakata njia nzima. Aliifungua taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili za kioo, fupi, zenye vifuniko. Chini ya kila chupa kulikuwa na kitu kama uji wa muhogo uliopoa, ila chenyewe kilipitisha mwanga, na juu yake ilisimama migomba kama kumi. Migomba kweli, mwanangu, yenye majani na mizizi, na hakuna hata mmoja uliofikia urefu wa kidole changu cha kati.

Nikanyoosha mkono nichukue chupa moja. Zaina akanishika kifundo cha mkono, wala si kwa nguvu, akasema mbele ya wote:

"Yaya, nawa mikono kwanza."

Ni maneno manne tu, na la kwanza ndilo tunalomwitia dada mkubwa. Sasa nimezeeka na bado nayasikia.

Ili uelewe kwa nini yaliniuma, lazima nirudi nyuma kidogo. Baba na mama walitutoka ndani ya mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la tano. Zaina alikuwa hajang'oa hata jino la kwanza la utoto, na Ramazani alikuwa bado anatambaa. Shangazi Kalume alikuwa na watoto wake saba, akatusaidia alivyoweza, lakini sufuria yetu ilikuwa yetu. Nilirudisha vitabu shuleni, nikachukua jembe la mama. Mikono ya Zaina niliinawisha mimi. Miguu yake niliisugua mimi kwa jiwe kila jioni kabla ya kumlaza. Halafu leo, yeye mwenye kucha safi, ananiambia mimi ninawe.

Kilichotulea ni mgomba mmoja. Kwetu, upande huu wa Wamaza, msichana akiolewa mbali, mama yake humfungia mtoto wa mgomba wa nyumbani katika majani makavu, naye huubeba kichwani mpaka kwa mumewe na kuupanda nyuma ya jiko. Mama yetu aliubeba wake kutoka Lusangi. Ulikuwa wa ndizi ndefu za kupika, zenye ganda gumu na nyama ya manjano, na mkungu mmoja sikuweza kuubeba peke yangu. Watoto wa mgomba huo walijaza shamba lote la baba. Ndizi hizo ndizo nilizobeba kwenda sokoni ili Zaina amalize shule ya kilimo kule Kasongo, kisha aende Bukavu. Kwa hiyo, mtu akiniuliza ni nani anayejua migomba katika nyumba ile, mimi sikuwa na shaka na jibu.

Sasa rudi nami kwenye ua. Niliingia ndani, nikanawa. Nilinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikutaka waone macho yangu. Nilipotoka, Zaina alikuwa anaeleza.

"Unachukua mutoto wa mugomba," alisema, "unamumenya, unamumenya, mpaka unafika kwenye moyo wake, kadogo kama punje ya muhindi. Unausafisha na maji ya javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, unauweka mu chupa na chakula chake. Unagawanyika. Unagawanya tena. Mutoto mumoja anakuwa mia, na yote haina ugonjwa."

"Kumbe ni ndizi ya biberoni!" Ramazani akasema. "Zaina, inanyonya saa ngapi? Na usiku inalia?"

Yuma akacheka mpaka akakohoa vumbi. "Njia nzima ananiambia polepole, polepole. Mimi nikafikiri amebeba mayai. Kumbe ni majani!"

"Nyamazeni, mutoto aeleze," shangazi akasema, lakini naye alikuwa anatabasamu.

Mama Sakina peke yake hakucheka. Alisogea, akainama, akaziangalia chupa kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake katika umati. Kisha akanigeukia mimi. "Yaya Feza, umeona? Mutoto wako amekuwa mwalimu wako."

Alisema kwa furaha. Alinipongeza. Mimi nilisikia kitu kingine kabisa.

Nieleze habari ya Mama Sakina, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kisa hiki kuliko mimi. Wakati ule ugonjwa ulikuwa umeingia katika migomba yetu. Majani yanakuwa mafupi, yanasimama juu yamebanana kama manyoya ya jogoo aliyekasirika, na mgomba hauzai tena. Shamba la Mama Sakina lilikufa lote. Na shamba hilo lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe. Kwetu mjane hukaa juu ya ardhi ya mumewe maadamu migomba imesimama. Muhogo hauhesabiwi, kwa kuwa ukivunwa ardhi inabaki wazi. Mgomba una watoto na wajukuu, nao humshuhudia aliyeupanda. Shemeji zake walikuwa wameshampa neno: mvua zikianza na hakuna mgomba uliosimama, ardhi inarudi kwao. Kupanda watoto wa migomba ya jirani hakukumsaidia, maana wote walikuwa na ugonjwa, walikauka kabla ya kufika kiunoni. Siku ile ile, mbele yetu sote, Zaina alimwahidi miche sita. "Ya kwanza kabisa ni yako, Mama Sakina. Sita." Na mama yule, aliyekuwa na watoto watano, alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Jioni ile Zaina alinifuata jikoni. "Yaya, kuna neno nataka kukuambia juu ya zile chupa."

"Leo nimesikia ya kutosha," nikamjibu.

"Ni neno zuri, Yaya."

"Basi kawaambie wale wanaokuita Madame Agronome, mtaalamu wa kilimo."

Alisimama kidogo, akatoka. Alinijaribu tena keshoye, nikamwambia nina haraka. Mara ya tatu hakujaribu. Shika hapo, mwanangu. Mlango niliufunga mimi mwenyewe, mara mbili, na nyuma yake kulikuwa na kitu ambacho ningelikipokea kwa machozi.

Zaina alijenga kitalu nyuma ya nyumba. Alichemsha udongo kwa mvuke ndani ya pipa, na wanakijiji wakaja kumtazama mtu anayepika udongo. Ramazani aliwauliza kama wamekuja na mboga ya sombe ya kuulia. Aliitoa miche ndani ya chupa, akaiosha ule uji kwenye mizizi, akaipanda kwenye mifuko midogo myeusi, akaifunika kwa plastiki, juu yake makuti. Kila siku alifungua plastiki kidogo zaidi ya jana, ili miche izoee hewa ya dunia. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali. Walinipita mimi mlangoni wakiuliza, "Madame yuko?" Mimi niliyezaliwa pale. Nilikuwa nikiwapa kiti, nawapa maji, kisha narudi jikoni naona moshi una faida, kwa sababu mtu mwenye moshi machoni haulizwi kwa nini analia.

Sitakuficha: nilimwonea wivu. Nilionea wivu kalamu iliyochomekwa kwenye nywele zake. Nilionea wivu hata jinsi alivyokosea kushika jembe, kwa kuwa alikuwa amepata maisha ambayo hayakumlazimu kulishika. Na lililonichoma zaidi ni kwamba yote hayo nilimpa mimi, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kisha akasema neno lililonipa sababu.

"Yaya, mugomba wa mama nyuma ya jiko unapaswa kung'olewa. Umeanza kuugua. Kuna wadudu weusi wadogo, wanakaa kwenye shina, wanatoa ugonjwa hapa wanapeleka pale. Miche ikitoka kwenye plastiki watairukia."

"Unataka kung'oa mama upande chupa?"

"Yaya, hapana vile..."

"Mugomba ule ndio ulikupa kalamu!"

Alilia. Mimi sikulia. Mwishowe shangazi Kalume akaamua: mgomba ung'olewe, na Zaina ang'oe kwa mkono wake, kwa heshima. Aliumwagia maji ya sabuni kwanza ili wadudu wafe, akachimba, akakatakata, akafukia. Alifanya kazi ile nusu siku, akipiga jembe vibaya, mimi nikimtazama kutoka dirishani bila kumwonyesha.

Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshachimba mtoto mmoja wa mgomba wa mama. Alikuwa mnene, majani yake mapana, mzima machoni. Nilisema moyoni, huyu hana ugonjwa, na nitawaonyesha wote. Nilimpanda kwenye mfuko mweusi kama ile ya Zaina, nikamweka kwenye kona ya kitalu, chini ya makuti, katikati ya miche yake. Ilikuwa hila yangu yote: miche ya biberoni ingedumaa, wa mama ungepanda juu, na siku ya kugawa watu wangeuona, wangeuliza, "Huu mrefu ni wa nani?" nami ningejibu, "Huu ni wa mkono wa Feza."

Nilijua habari ya wadudu. Nilimsikia alipoeleza. Sikutaka kuamini, kwa sababu aliyeeleza ni yeye.

Na kweli wangu ulikuwa juu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zaina alikuwa amesafiri kwenda Kabambare kuongea na watu wa mashamba huko, akaniachia mimi kitalu. Aliniachia mimi, mwanangu. Aliniambia, "Hakuna mwingine ninayemwamini." Nilimwagilia kila siku. Niliona wadudu weusi kwenye shina la wangu, wadogo kuliko mbegu za ufuta, nikawafuta kwa kidole. Nilidhani nimewamaliza.

Zaina aliporudi, alikwenda kitaluni kabla ya kunywa maji. Nilisikia hatua zake zikisita. Nikatoka. Alikuwa amechuchumaa, ameinua jani la mche mmoja kulielekeza kwenye mwanga. Kulikuwa na mistari mifupi ya kijani kibichi sana, imekatikakatika. Majani mapya yalikuwa yanatoka membamba, yamesimama wima, yamebanana. Akaenda kwenye wa pili, wa tatu. Kisha akafika kwenye kona. Akaunyanyua mfuko wangu, akauangalia chini, pale ulipokatwa kutoka kwa mama yake.

"Yaya," akasema polepole, "huyu ni nani?"

Nilifuta udongo wa vidole kwenye kitenge.

"Huyu hakutoka mu chupa. Huyu alichimbwa. Nani alimuleta?"

Ramazani alikuwa amefika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na mzaha. Shangazi alikuja akishika ukuta.

"Ni wa mama," nikasema. "Nilitaka wa mama usipotee."

Zaina alikaa chini. Aliuweka mfuko ule magotini, akaukumbatia kama katoni ile ya kwanza.

"Yaya, siku nilipoenda Bukavu, ulinipa nini mu mufuko?"

Nilimpa mchele, chupa ya mawese, kitenge. Kisha nikakumbuka. Siku ile aliniomba mtoto mmoja wa mgomba, akasema ni wa kazi ya shule. Nilimchimbia mimi mwenyewe, nikamfunga kwenye majani makavu kama mama alivyofungiwa, nikacheka, nikamwambia, "Unaolewa na Bukavu?" Ilikuwa kabla ugonjwa haujafika kwetu.

"Ni ule," Zaina akasema. "Zile chupa zote ni ule. Waliupima mu labo, ulikuwa muzima. Kila mugomba hapa ni wa mama, Yaya. Ndiyo neno nilitaka kukuambia jikoni."

Nilitazama kitalu. Zaidi ya miche mia, wote ni mgomba wa mama, safi kama alivyoubeba kutoka Lusangi, na mimi nilikuwa nimeleta ugonjwa katikati yao kwa jina la kumwokoa mama.

Hapakuwa na njia ya kuchagua. Ugonjwa ule hukaa ndani ya mche muda kabla haujaonekana, na asiyejua upi ni mzima hana ruhusa ya kumpa mtu. Tulimwaga maji ya sabuni, tukang'oa yote, tukaikatakata, tukaifukia katika shimo moja. Zaina hakunitukana. Laiti angenitukana. Alipomaliza aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono, kisha akashika kata akanimiminia na mimi maji.

Siku zilizofuata sikutoka nje. Shangazi Kalume alikuja, akaketi kwenye kibao chake mbele ya mlango wangu, akaanza kuchambua mchele kana kwamba amekuja kwa kazi hiyo tu. Alipofika nusu ya ungo akasema:

"Feza, mimi nilimuonea mama yako wivu."

Nilijigeuzia ukutani.

"Unanisikia? Alikuja hapa musichana mudogo, na mugomba wake kwenye kichwa. Mwaka wa pili, mukungu wake ulikuwa mukubwa kuliko ya kwetu yote. Ndugu yangu alikuwa anapita mbele ya mulango wangu, haingii tena, anaenda kula kwa bibi yake, mama yako. Nilimuchukia. Nililala nikiwaza panga."

"Ukafanya nini?" nikauliza, maana sikuweza kujizuia.

"Nilienda kwake. Nikamuambia, mulamu, wifi yangu, ndizi yako inanikosesha usingizi, nipe mutoto wake mumoja. Akacheka, akanipa wawili. Tangu ile siku, mukungu wake ukiwa mukubwa nafurahi, sababu najua wangu unakuja." Alipuliza makapi. "Wivu ni njaa, Feza. Mutu mwenye njaa anaomba chakula. Wewe ulienda kumwaga sufuria. Ungeomba Zaina akufundishe, angekataa?"

"Hapana."

"Hapana. Sasa simama. Mama Sakina hajaambiwa, na si mimi nitamuambia."

Nilikwenda. Mama Sakina alikuwa anatwanga. Nilimweleza yote, bila kupunguza, hata ile kona na hila yangu. Mchi wake haukusimama mpaka nilipomaliza. Kisha aliusimamisha ndani ya kinu, akaegemea juu yake.

"Mvua iko karibu," akasema.

"Najua, Mama Sakina. Njoo upande kwetu. Nitakukatia kipande cha shamba la baba."

"Nipande kwako, na kila nikikohoa niseme aksanti? Hapana, Feza." Alianza kutwanga tena, mapigo mawili matatu, akasimama. "Zilikuwa sita. Usisahau. Sita."

Mvua zilipoanza, shemeji zake walikuja na kamba ya kupimia. Mama Sakina aliwabeba watoto wake, akaenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anapika maharage na kuwauzia wachimbaji. Alipita mbele ya ua wetu na sufuria kichwani. Alimsalimu Zaina, akamsalimu shangazi. Mimi aliniinulia vidole sita.

Baada ya hapo nilimwendea Zaina. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakapotea yote. Nilinyoosha tu mikono yangu mbele yake, ikiwa imenawishwa, bado na maji, nikasema, "Nifundishe." Yeye akasema, "Yaya, ni wewe ulinifundisha kupanda. Mimi nitakuonyesha tu chupa." Kule maabara ya Bukavu walikuwa wamehifadhi chupa za mgomba wa mama, maana moyo ule unaweza kugawanywa tena na tena. Ilipita zaidi ya mwaka kabla ya katoni ya pili kufika. Ardhi ilikuwa imepumzika, migomba mibovu yote ya jirani tuliing'oa mlango kwa mlango, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba watu, kwa sababu nilikuwa na mfano wa kuwapa. Niliwaambia nilichofanya. Wengine walinicheka. Wote waling'oa.

Miche ile niliilea mimi. Zaina alikaa kando na kalamu yake nyweleni, akaandika nilichomwambia. Siku ya kuifungulia plastiki, Ramazani aliniuliza kama watoto wangu wameota meno, nikamwambia wameota, asogee aumwe. Leo hii, ukitoka kwetu mpaka karibu na Kabambare, migomba mirefu ya ndizi ngumu unayoiona nyuma ya majiko mingi ni wajukuu wa ule wa Lusangi. Watu wanaiita ya biberoni. Siwasahihishi.

Miche sita ya kwanza sikumgawia mtu. Niliipakia nyuma ya pikipiki ya Yuma, siku mbili za matope, nikaifikisha Salamabila. Nilimkuta Mama Sakina kando ya njia, chini ya turubai la bluu, amezungukwa na masufuria na vijana wenye udongo mpaka masikioni. Aliangalia miche, akaigusa jani moja moja. Aliisifu. Kisha akauliza:

"Feza, nitaipanda wapi? Juu ya turubai?"

Niligeuka kutafuta mahali. Kulia kwetu palikuwa na shimo, kushoto palikuwa na shimo, na pale tulipokuwa tumesimama kesho pangechimbwa.

"Rudi nazo," akasema. "Siku nikipata udongo wa jina langu, nitakuja kuzidai. Sasa kula maharage, utaanguka kwenye pikipiki."

Nilikula maharage yake. Nilirudi na miche yangu.

Sasa nisikilize, mwanangu, hasa wewe uliye mkubwa kwenu, uliyeacha daftari ili wengine washike kalamu. Siku itafika mdogo wako atakuzidi. Atakuja na kitu usichokijua, na atakuambia jambo mbele ya watu, nawe utaungua. Usijidanganye kwamba huungui. Useme, hata kama ni kwa sauti ndogo: hiki ulicho nacho nakitamani, nipe kidogo, nifundishe. Aliyelelewa na mkono wako hatakunyima. Neno la mdogo wako ulisikilize mpaka mwisho, hata kama limeanza vibaya, kwa maana unaweza kuwa unamkatiza mtu aliyekuletea mama yako ndani ya chupa. Ukikosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, kabla hajasikia kwa mwingine. Na usidhani kwamba ukishajuta mambo yamekwisha. Mimi nilisamehewa nyumbani mwangu mapema, lakini aliyepoteza ardhi hakuwa wa nyumbani mwangu.

Mungu akupe mikono safi na moyo usiofunga mlango. Awape wadogo zako kukuzidi, nawe upate kufurahi wakikuzidi. Alichobeba mama yako kichwani kisife mikononi mwako.

Mama Sakina bado yuko Salamabila, na nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Migomba yake sita niliipanda upande wa pili wa ua, peke yake, na hakuna anayeila. Kila mkungu ukikomaa naufunga kwenye gunia, nampa dereva anayekwenda huko. Gunia hurudi tupu, na ujumbe ni ule ule kila mara: "Mwambie Feza nimekula, tamu sana. Lakini sikumudai ndizi. Namudai migomba, na ingali sita."